Umepangiwa kunywa aidini ya mionzi? Jinsi ya kujiandaa, kupiga hesabu ya siku zako na kuishi na familia bila hofu

Naandika hii kwa ajili ya mtu aliyeambiwa na daktari kwamba tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, au ameshafanyiwa operesheni ya saratani ya tezi, na sasa ameandikiwa aidini-131, yaani hiyo aidini ya mionzi. Pia kwa ndugu zake, maana mara nyingi ndo wanaoogopa zaidi. Kuna mama anarudi nyumbani anatengewa sahani na kukwepwa mpaka mwaka unaisha, na kuna mwingine analala na mtoto mchanga usiku uleule wa kunywa dawa kwasababu hakuna aliyemweleza kwa lugha ya nyumbani. Wote wawili wangesaidika na namba moja tu: siku 8, yaani muda wa nusu ya aidini-131 kuoza na kuisha mionzi yake. Ukiielewa hiyo namba utajua lini uogope na lini uache kuogopa, na mengi ya hapa chini yanatoka kwenye hiyo namba.

Kwanza jua umepewa isotopi gani

Hili watu wanaliruka. Wakisikia "mionzi" wanachanganya kila kitu kwenye kapu moja, kumbe mambo yanatofautiana sana. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari au mtaalamu wa tiba ya nyuklia ni hili: nitapewa isotopi gani na ina nusu-maisha ya muda gani, yaani nusu yake inaoza ndani ya muda gani? Usione aibu, ni haki yako na jibu lake ni fupi.

Isotopi ni ndugu wa elementi moja, protoni sawa ila nyutroni tofauti. Aidini ya kawaida, hii tunayoiita madini joto kwenye chumvi, ina protoni 53 na nyutroni 74, jumla 127, na imetulia. Aidini-131 ina protoni zilezile 53 ila nyutroni 78, zimezidi, kiini chake hakijatulia, kwa hiyo kinajirekebisha: nyutroni moja inageuka protoni, kinatupa chembe ya beta pamoja na mionzi ya gama, na atomu inakuwa zenoni-131 ambayo haina mionzi tena. Hiyo ndo inaitwa kuoza kwa kiini. Huwezi kuiharakisha kwa kuchemsha wala kuichelewesha kwa kuweka kwenye friji, inaenda kwa mwendo wake.

Na tezi ya shingo haiwezi kuwatofautisha hawa ndugu wawili. Inahitaji aidini ya kutengenezea homoni, inavuta yoyote iliyopo kwenye damu. Ndo maana dawa hii ni nzuri kiasi hiki, unaimeza, inazunguka mwili mzima afu inajikusanya yenyewe palepale panapotakiwa, na zile chembe za beta zinasafiri milimita moja au mbili tu ndani ya nyama, kwa hiyo zinaunguza seli za tezi na haziendi mbali. Daktari Saul Hertz wa Boston alimpa mgonjwa wa kwanza aidini ya mionzi mwaka 1941, na aidini-131 yenyewe iligunduliwa Berkeley mwaka 1938 na John Livingood na Glenn Seaborg. Yaani hii siyo kitu cha majaribio, ina zaidi ya miaka themanini inatibu watu.

Gama ndo zinazotoka nje ya mwili, na hizo ndo zinazotuhusu tukifika kwenye mambo ya watoto na kulala.

Sasa linganisha. Ukifanyiwa skani ya tezi au ya mifupa kwa teknetiamu-99m, nusu-maisha yake ni saa 6, baada ya siku moja imebaki sehemu moja ya kumi na sita, na siku mbili imebaki kama sehemu moja ya mia mbili hamsini. Skani ya PET ya florini-18 ni dakika 110, kesho yake hamna kitu cha kuongelea. Na aliyechomwa mionzi ya mashine kutoka nje, iwe mashine ya kobalti-60 au ya umeme, yeye hana mionzi yoyote mwilini akitoka kwenye chumba, chanzo kimebaki kwenye mashine. Tafadhali mkumbatieni huyo. Aidini-131 ndo tofauti, hapa chanzo kiko ndani yako kwa muda, ndo maana una masharti na mwenzako wa skani hana au anayo ya saa chache tu.

Jinsi ya kupiga hesabu

Nusu-maisha ya siku 8 maana yake kila zikipita siku 8 nusu ya kilichokuwepo kimeshaoza. Anza na 100. Siku ya 8 imebaki 50, siku ya 16 ni 25, siku ya 24 ni 12.5, siku ya 32 ni kama 6. Siku ya 80, yaani nusu-maisha kumi, imebaki chini ya moja ya elfu moja. Angalia vizuri hapo, haishuki kwa kiasi kilekile kila siku, watu wengi wanadhani siku 16 imeisha yote, hapana, imebaki robo.

Kwa siku za katikati tumia simu. Fungua kikokotoo, laza simu upande ili zile alama za kisayansi zitokee, chukua idadi ya siku gawanya kwa 8, afu tafuta 0.5 kwa kipeo cha jibu ulilopata. Mfano siku ya 5: 5 gawanya kwa 8 ni 0.625, na 0.5 kwa kipeo cha 0.625 ni karibu 0.65, maana yake imebaki asilimia 65. Siku ya 20 unapata kama asilimia 18.

Ila kuna habari njema ambayo hesabu hiyo peke yake haionyeshi. Mwili nao unatoa aidini, kwa mkojo hasa, na kidogo kwa jasho, mate na kinyesi. Kwa hiyo vitu viwili vinaipunguza kwa wakati mmoja, kuoza na kutolewa. Ukitaka kuvijumlisha: zidisha nusu-maisha ya isotopi kwa nusu-maisha ya mwili, afu gawanya kwa jumla yao. Tuseme tezi yako inashikilia aidini kiasi kwamba mwili peke yake ungechukua siku 16 kutoa nusu, basi ni 8 mara 16 ambayo ni 128, gawanya kwa 24, unapata siku 5 na kidogo. Aliyeondolewa tezi yote kwa ajili ya saratani hana mahali pa kuihifadhi, mwili wake unaweza kutoa nusu ndani ya siku moja, basi ni 8 mara 1 gawanya kwa 9, haifiki hata siku moja kamili. Ndo maana mtu wa saratani aliyepewa dozi kubwa mno anaweza kusafika haraka kuliko mwenye tezi kubwa aliyepewa dozi ndogo. Wagonjwa wakikaa pamoja wakilinganisha masharti hili linawachanganya sana, mwenye dozi ndogo anaambiwa akae mbali na watoto siku nyingi zaidi na anadhani amekosewa.

Hesabu hizi ni za kukusaidia uelewe, siku zako rasmi ni zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya hospitali, wao wamepima na wanajua dozi yako kwa milikyuri, ambacho ni kipimo cha nguvu ya mionzi. Kwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi mara nyingi ni milikyuri 10 hadi 15, na kwa saratani inaanzia kwenye 30 kupanda hadi 100 na zaidi.

Wiki za kabla

Lengo la maandalizi ni kuiacha tezi na njaa ya aidini ili siku ya dawa iivute kwa nguvu. Ukienda umeshiba madini joto, dawa inapita inaishia chooni.

Hospitali nyingi zinataka wiki moja hadi mbili za chakula chenye aidini kidogo, hasa kwa wagonjwa wa saratani. Kwa watu wa pwani hii ni ngumu kweli kweli maana mboga yetu ni bahari. Acha samaki wa baharini, pweza, kamba, ngisi, dagaa, na mwani kabisa kabisa, hao wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wanaotengeneza juisi na sabuni za mwani wasikuonjeshe hata kidogo. Acha chumvi yenye madini joto, na hapa ndo penye mtego, kwasababu chumvi ya dukani karibu yote imewekewa. Mkate, chipsi za mtaani, supu ya asubuhi, viungo vya paketi, vyote vina chumvi hiyo. Na ile chumvi ya mawe ya baharini usijipe moyo kwamba ni salama kwasababu haijapita kiwandani, iache pia mpaka daktari aseme. Pikia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, nazi uliyokuna mwenyewe. Maziwa, mtindi na kiini cha yai pia weka pembeni.

Unakula nini sasa? Ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi za kupika, maharage uliyochemsha mwenyewe bila chumvi, nyama mbichi ya buchani kwa kiasi, karanga zisizo na chumvi, matunda, chai ya rangi. Sato na sangara wa ziwani wana aidini kidogo kuliko wa bahari, ila wale wabichi tu, siyo waliokaushwa kwa chumvi.

Dawa ni muhimu kuliko chakula. Kama unatumia kabimazoli, dawa ya kupunguza kasi ya tezi, kawaida unaambiwa uisimamishe siku kadhaa kabla, na kama unatumia levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya vidonge, baada ya operesheni unaweza kuambiwa uiache wiki kama nne, utachoka, utasikia baridi, utavimba kidogo uso, ni kawaida yake. Lakini usisimamishe chochote kwa kuamua mwenyewe, mwenye moyo unaokwenda mbio akiacha kabimazoli holela anaweza kufika pabaya. Mwambie daktari kama umepigwa CT skani ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha miezi ya karibuni, dawa ile imejaa aidini na kawaida mnasubiri kama miezi miwili. Mwambie kama unakunywa amiodaroni ya moyo, vitamini za mchanganyiko, dawa za kienyeji za baharini, au umesafishwa kidonda na ile aidini ya kahawia.

Mimba na kunyonyesha, hapa nasimama kidogo kwasababu sitaki mtu apite haraka. Ukiwa mjamzito huwezi kunywa dawa hii, hamna cha kubembeleza. Tezi ya mtoto tumboni inaanza kuvuta aidini kuanzia kama wiki ya 10 hadi 12 na dawa itaiua, mtoto anazaliwa bila tezi inayofanya kazi. Utapimwa mimba, usikasirike hata kama una uhakika. Na kama unanyonyesha lazima uache kabisa, na kuacha kwenyewe ni wiki 6 au zaidi kabla ya dawa ili matiti yatulie, maana matiti yanayotoa maziwa nayo yanavuta aidini. Mtoto huyo hautamrudisha kunyonya baada ya dawa. Utakayemzaa baadaye utamnyonyesha kama kawaida.

Siku yenyewe

Usichelewe miadi. Nasema hivi kwasababu ya ile ile hesabu. Dawa hii inatengenezwa kwenye reakta, yaani mtambo wa nyuklia, kwa kupiga elementi ya teluriamu na nyutroni au kutokana na urani inayopasuliwa, na mojawapo ya reakta kubwa za kazi hii duniani ni SAFARI-1 ya Pelindaba, Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1965. Tangu inatoka huko inaoza, ndani ya ndege inaoza, kwenye kabati la hospitali la madini ya risasi inaoza. Dozi yako imehesabiwa iwe na nguvu fulani siku fulani. Ukija kesho yake imeshapungua kama asilimia 8, ukija siku nne baadaye imebaki 71 kwa mia. Kama unatoka mkoani kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar, njoo siku moja kabla ulale kwa ndugu. Na kama umeugua au mimba imeonekana, piga simu mapema ili dozi wasiipoteze.

Utakuja hujala kwa saa kadhaa. Dawa ni kapsuli au maji kidogo, haina ladha ya kutisha, haiumi. Mtaalamu atakaa mbali nawe na atafanya haraka, usijisikie vibaya, yeye anafanya hivi kila siku na mionzi yake inajumlishwa, wewe ni mara moja. Wa dozi kubwa mtalazwa kwenye chumba cha peke yako mpaka kipimo kishuke kiwango kilichowekwa, kwa kawaida siku chache. Usibebe simu ya bei kali wala nguo unazozipenda sana, vikipata mate au jasho vinaweza kubakizwa hospitali viozeshe mionzi.

Kunywa maji mengi, kojoa mara kwa mara hata kama hujabanwa, maana kibofu kilichojaa kinashikilia mionzi karibu na kizazi. Tezi za mate nazo zinavuta aidini kidogo, zinaweza kuvimba na mdomo ukakauka. Kuanzia kesho yake kula vitu vichachu, ndimu, ukwaju, pipi kali, ili mate yatiririke. Hospitali nyingine zina ratiba yao ya hili, ifuate.

Nyumbani

Kuna vitu vitatu vinakulinda na kulinda wengine: muda, umbali na usafi. Umbali una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka mita moja ukaenda mita mbili, mionzi inayomfikia mtu inashuka hadi robo, ukienda mita tatu inashuka hadi moja ya tisa. Kwa hiyo kukaa sebule moja kila mtu kona yake mkaongea saa nzima ni sawa, kumpakata mtoto saa nzima siyo sawa. Kupita mlangoni mkapeana salamu hakuna shida hata kidogo.

Lala kitanda chako peke yako. Watoto wadogo na wajawazito ndo wa kuwaepuka zaidi na kwa siku nyingi zaidi, kwasababu seli za mtoto, hata aliye tumboni, zinagawanyika haraka na tezi yake ni changa. Najua wengi wetu tunaishi chumba kimoja cha kupanga, mume, mke na watoto wawili, na karatasi ya hospitali inasema chumba cha peke yako na choo cha peke yako. Ongea ukweli na hospitali KABLA ya siku ya dawa, siyo baada. Suluhisho la kawaida ni watoto waende kwa bibi yao hizo siku, au wewe uende kwa ndugu mtu mzima asiye na watoto. Panga mapema, na nauli iwepo.

Choo: keti au chuchumaa, hata mwanaume, usikojoe umesimama maana matone yanaruka. Kama ni cha kuvuta maji vuta mara mbili, kama ni cha shimo au cha kuchuchumaa mwaga maji ya kutosha, futa ukingo, nawa mikono kwa sabuni. Mkojo wa siku mbili tatu za mwanzo ndo unaobeba mzigo mkubwa. Sahani na kikombe chako vioshwe peke yake, havihitaji kutupwa. Shuka, taulo na nguo za ndani fua tofauti, ukimaliza suuza vizuri na zinatumika tena. Usiwapikie wengine siku za mwanzo hasa vitu vya kukanda kwa mikono kama chapati, na kubusiana na tendo la ndoa subiri siku mlizoambiwa.

Kwenye daladala au bajaji siku ya kutoka hospitali, safari iwe fupi kadri inavyowezekana, kaa pembeni, usikae karibu na mtoto au mjamzito, na kama kuna uwezo wa gari binafsi kaa siti ya nyuma upande wa pili wa dereva. Basi la mkoani la masaa kumi umebanwa na abiria, hapana, subiri siku walizokupa.

Ukisafiri kwa ndege ndani ya miezi kama mitatu beba barua ya hospitali inayosema umepewa aidini-131, tarehe na dozi, kwasababu viwanja vingine vya ndege na mipaka vina vifaa vya kunusa mionzi na vinaweza kukulilia hata kilichobaki ni kidogo kiasi hakimdhuru mtu. Wanaosafiri kwenda Ulaya, Marekani au Ghuba wasisahau hii.

Baada ya hapo

Usitegemee kupona wiki ijayo. Mionzi ikishaoza kazi yake inaendelea taratibu, seli zilizopigwa zinakufa pole pole, mwenye tezi ya kasi anaanza kuona tofauti baada ya wiki 6 hadi 12, wengine hadi miezi 6, na wachache wanahitaji dozi ya pili. Siku za mwanzo moyo unaweza kukimbia zaidi kwasababu tezi inayokufa inamwaga homoni ilizohifadhi, ukiona homa kali na kuchanganyikiwa au moyo kukimbia mno nenda hospitali usiku huohuo. Wenye macho yaliyotoka wamwambie daktari kabla, dawa hii inaweza kuyazidisha, na kama unavuta sigara hatari inapanda, acha.

Mimba subiri angalau miezi 6, na wanaume kama miezi minne kabla ya kutafuta mtoto. Ikishapita hiyo na homoni zako zimekaa sawa, zaeni.

Wengi wataishia na tezi iliyolala kabisa, na hiyo watu wanaiona kama dawa imeharibu, kumbe mara nyingi ndo lengo lenyewe, kutibu tezi iliyolala ni rahisi kuliko tezi inayokimbia. Utameza levothairoksini kila siku maisha yako yote. Imeze asubuhi kwa maji matupu, chai subiri nusu saa hadi saa nzima, na vidonge vya damu au vya kalsiamu viache masaa manne mbali nayo maana vinaizuia isifyonzwe. Damu ipimwe kila wiki 6 hadi 8 mpaka dozi ikae sawa, baada ya hapo mara moja au mbili kwa mwaka, na ukishika mimba nenda ukapimwe mapema kabisa kwasababu dozi karibu kila mara inatakiwa kupandishwa.